Karatasi ya Siku Tatu: shajara ya mradi, Kwaresma hadi Pasaka 2025

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Mwaka jana sikuandika kitu, na Pasaka ilipokaribia nikajikuta narudia makosa yale yale ya mwaka juzi. Kwa hiyo safari hii naweka shajara.

Mradi wenyewe ni mdogo. Nataka kuandika karatasi za kuwaandaa wakatekumeni, yaani watu wanaojiandaa kubatizwa, wale watu wazima wa parokia yetu, huku Eastlands, Nairobi, kwa Siku Tatu Kuu za Pasaka. Kijitabu tulichonacho kilitungwa kwa watoto wa Komunyo ya Kwanza, na ukurasa wa sita una mwanakondoo wa kupaka rangi. Mwaka jana fundi mmoja wa kuchomelea mageti, mtu wa miaka 52, alinirudishia kijitabu akasema, "Mwalimu, kondoo nimempaka. Sasa?" Sikuwa na jibu.

Mwaka huu ninao tisa wa kubatizwa, pamoja na wawili waliobatizwa katika makanisa mengine na sasa wanataka kuingia kwetu. Tunakutana Jumamosi saa kumi, chumba cha nyuma ya sakristia, kile chenye viti vya harusi. Padri amenipa shilingi 1,500 za kuchapisha.

Mpango: karatasi tatu. Ya Alhamisi Kuu, ya Ijumaa Kuu, ya Mkesha wa usiku wa kuamkia Pasaka. Kila moja ukurasa mmoja.

Dominika (Jumapili), 9 Machi

Wameandika majina yao kitabuni. Kuanzia leo hawaitwi tena wakatekumeni tu, wanaitwa wateule. Mama anayechoma mahindi kwenye kona ya steji aliandika polepole sana, herufi moja moja, hata kwaya ikarudia ubeti. Hakuna aliyemharakisha.

Waumini wengi hudhani Kwaresma ni yetu sisi tuliobatizwa tukiwa wachanga, ya kuacha nyama na sukari, kisha wateule wanadandia. Kihistoria mambo yako karibu kinyume: kipindi hiki kilipata umbo lake kwa kiasi kikubwa kutokana na watu waliokuwa wakiandaliwa kwa ubatizo wa usiku wa Pasaka, na wengine wakafunga pamoja nao. Utaratibu huo wa hatua kwa hatua ulififia kwa karne nyingi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ndio uliouhuisha, na kitabu cha ibada zake kikatolewa mwaka 1972. Natamani wanajumuiya wangu, waumini wa mtaa tunaosali pamoja, walijue hilo kabla ya kunung'unika kwamba "Misa za Kwaresma zimekuwa ndefu kwa ajili ya wageni".

Jumamosi, 15 Machi

Nimejaribu karatasi ya kwanza. Imeanguka.

Nilikuwa nimeeleza Alhamisi Kuu vizuri tu: karamu ya mwisho, Ekaristi, upadri, kuoshwa miguu. Walisoma wakanyamaza. Halafu kijana wa bodaboda akauliza kwa adabu, "Mwalimu, siku yenyewe si ni Jumapili? Hii ya Alhamisi ni ya lazima, ama ni ya wale wazee wa jumuiya?" Akaniambia Alhamisi ile ndiyo siku yake kubwa ya mwaka, watu wote wanakimbilia mabasi ya kwenda mashambani na mizigo yao, na yeye hurudi nyumbani saa sita za usiku na hela ya wiki nzima.

Nikauliza nani ana hakika ya kuwepo siku zote tatu. Mikono minne.

Muuguzi ana zamu ya usiku Alhamisi. Fundi cherehani ameitwa nyumbani kwao Ijumaa. Nao wote wanne walioinua mikono hawana kazi kwa sasa, jambo lililonikaa kifuani hadi usiku.

Dominika, 23 Machi

Ibada ya kwanza ya uchunguzi, yaani sala za kuwatakasa na kuwaimarisha wateule. Masomo ya Misa za Dominika huzunguka kwa miaka mitatu, A, B na C, na huu ni mwaka C, lakini palipo na wateule, dominika ya tatu, ya nne na ya tano tunaruhusiwa kusoma Injili za mwaka A: mwanamke Msamaria, kipofu wa kuzaliwa, Lazaro. Maji, mwanga, uhai. Zimepangwa hivyo kwa ajili yao.

Baada ya Misa mama wa mahindi alinishika mkono. "Huyu mama alikuja kisimani saa sita. Saa sita ya jua! Nani huchota maji saa sita?" Akajijibu mwenyewe: anayekwepa wenzake. Anajua, maana kwao maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki, na aliyegombana na majirani huenda kupanga mitungi yake wakati foleni imeisha. Miaka kumi na mmoja nafundisha Injili hiyo, sijawahi kuisimamisha kwenye ile saa.

Jumamosi, 29 Machi

Leo karatasi tatu zimekufa, na sikitiko sina.

Kijana wa bodaboda ndiye aliyeanza. Alikuwa amepiga hesabu kwa vidole. "Alikufa Ijumaa saa tisa. Akafufuka Jumapili alfajiri. Hiyo ni siku moja na nusu, Mwalimu. Siku tatu ziko wapi?" Swali la kila mwaka. Jibu langu la kila mwaka ni kwamba Wayahudi walihesabu siku kuanzia jua linapotua, na kipande cha siku kilihesabika kuwa siku. Nikasema hivyo, nao wakaitikia kwa kichwa kama watu wanaomsikiliza daktari.

Muuguzi, aliyelelewa Majengo, Mombasa, akacheka. "Wayahudi tu? Hata sisi. Nyanya akisema usiku wa Ijumaa, ni Alhamisi jua likishatua. Ukija Ijumaa usiku umechelewa, hiyo ni usiku wa Jumamosi." Akaongeza kwamba hata saa zetu hazina maana nyingine. Saa moja ya usiku ni ya kwanza kwa sababu siku imeanza.

Chumba kikachangamka. Fundi cherehani akasema ndiyo maana redioni husema "usiku wa kuamkia Jumapili", usiku ni wa siku inayokuja. Nikachukua chaki.

Alhamisi jua linapotua hadi Ijumaa jua linapotua: karamu, bustani, kukamatwa, msalaba, kaburi. Siku ya kwanza, moja tu. Ijumaa jioni hadi Jumamosi jioni: kaburini. Siku ya pili. Jumamosi jioni hadi Jumapili jioni: ufufuko. Siku ya tatu. Ndivyo Kanisa linavyozihesabu Siku Tatu Kuu, na mimi nilikuwa nimezikata kwa kalenda ya ukutani, saa sita ya usiku hadi saa sita ya usiku, kisha nikashangaa kwa nini hazishikani.

Muuguzi hakuishia hapo. Alifungua simu yake akasoma kwa Luka: giza juu ya nchi tangu saa sita hata saa tisa. "Hizi si saa zetu?" Ndizo. Saa sita ya Injili ni saa sita ya kibanda cha mahindi. Wenye kusoma kwa Kiingereza hulazimika kutafsiri saa kichwani, sisi tumeachiwa bure, nami nilikuwa sijawahi kuwaonyesha.

Kijana wa bodaboda akaitazama chaki muda mrefu. "Kwa hivyo nikikosa Alhamisi jioni, nimekosa mwanzo wa Ijumaa."

Ndiyo.

Jumatano, 2 Aprili

Naandika upya. Karatasi ni moja, imekunjwa mara tatu, unaifungua kama barua.

Ibada zenyewe zilikuwa zinaniambia hili siku zote. Alhamisi Misa haiishi kwa baraka wala kwa "nendeni na amani". Sakramenti inahamishwa, altare inavuliwa vitambaa, watu wanabaki au wanaondoka kimya. Ijumaa hakuna Misa kabisa. Padri anaingia bila wimbo, bila ishara ya msalaba ya kufungulia, anajilaza kifudifudi sakafuni. Mwisho wake vilevile hakuna anayeagwa. Kuagana ni Mkeshani, pamoja na aleluya mbili. Ni kama mtu aliyeanza sentensi Alhamisi na nukta akaiweka usiku wa kuamkia Jumapili.

Hili ndilo nililolipa nafasi kubwa katikati ya karatasi. Mengine nimeyabana. Kwa mfano kwamba Mkesha ulikuwa umesogezwa hadi kuadhimishwa Jumamosi asubuhi, jua kali nje na padri akiimba kuhusu usiku, hadi Papa Pius XII alipourudisha usiku, kwanza kwa majaribio mwaka 1951 na kisha kwa Kanisa zima kuanzia 1956. Fundi wa mageti wa mwaka jana angeipenda hiyo.

Nilibakiza pia mstari mmoja kuhusu tarehe. Mwaka huu sisi na Waorthodoksi tunaadhimisha Pasaka siku moja, 20 Aprili, na ni miaka 1,700 tangu Mtaguso wa Nisea, ambao maneno ya Nasadiki, ungamo letu la imani la Dominika, yanatokana nao.

Jumamosi, 5 Aprili

Siku ngumu. Mmoja wa wale wawili, mzee mlinzi wa usiku, amekasirika. Alibatizwa Kianglikana akiwa mtoto, cheti anacho, kimekunjamana ndani ya Biblia. Anataka maji. "Wenzangu wote wataloa, mimi nisimame kavu kama mgeni wa harusi?"

Nilimweleza kwamba ubatizo ni mmoja. Ukishatolewa kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu haurudiwi, na kumbatiza tena kungekuwa kusema kwamba Mungu hakumsikia mara ya kwanza. Yeye atakiri imani, atapokelewa, atapewa kipaimara, yaani atapakwa mafuta matakatifu ya krisma, na Ekaristi. Alinisikiliza akakunja cheti chake. "Sawa, Mwalimu." Ile sawa ya kumaliza maneno.

Muuguzi amepata nafasi Alhamisi. Mwenzake Mwislamu, ambaye yeye alimshikia zamu siku ya Idi, atamshikia.

Jumamosi, 12 Aprili

Mambo mawili: mshumaa na giza.

Mshumaa wa Pasaka lazima uwe wa nta, mmoja, mpya kila mwaka. Kuna parokia zina bomba la plastiki jeupe lenye kikopo cha mafuta juu, nami sitazisema. Wetu umeletwa, urefu hadi kifuani mwangu. Wateule wameushika mmoja mmoja. Nikawaonyesha mahali pa msalaba, Alfa juu, Omega chini, tarakimu za 2025 kwenye pembe nne, na matundu matano ya punje za ubani kwa madonda matano. Kijana wa bodaboda ndiye atakayesimama karibu na Padri, akishika kisu cha kuchorea. Amekariri maneno ya mwanzo: Kristo jana na leo.

Giza ndilo tatizo. Mkesha unaanza kanisa likiwa giza tupu, kisha moto mmoja, kisha mshumaa mmoja, kisha mishumaa ya watu wote. Lakini nje ya ukuta wetu kuna mulika mwizi, ile mlingoti mrefu wa taa za mtaa, na mwanga wake unaingia madirisha yote ya upande wa kushoto. Mwaka jana mtu angeweza kusoma gazeti kabla ya "Mwanga wa Kristo". Hatuwezi kuizima, wala nisingetaka, maana akina mama hupita pale usiku.

Suluhisho ni mablanketi. Nimeomba jumuiya tano zilete, ya rangi nzito, na fundi cherehani atayashonea vitanzi.

Dominika ya Matawi, 13 Aprili

Mvua. Matawi yameloa, maandamano yamefupishwa. Karatasi 40 zimechapishwa, zimebaki shilingi 220.

Alhamisi Kuu, 17 Aprili

Wateule wanane kati ya tisa, na mzee mlinzi.

Padri aliomba wawili wa kwetu wawe kati ya kumi na wawili wa kuoshwa miguu. Tangu 2016 wanawake wanaruhusiwa rasmi, basi nilimpendekeza mama wa mahindi. Alikataa. Alinivuta nyuma ya nguzo akavua kiatu. Visigino vyake vina magaga yaliyopasuka kama udongo wa kiangazi, meusi ya masizi ndani kabisa, ya kusimama kando ya makaa mwaka baada ya mwaka. "Padri aoshe haya? Mbele ya watu?"

Sikumhubiria. Nilimwambia tu asikilize Injili kwanza, aamue. Somo lilipofika pale Petro anaposema, "Bwana! Wewe wanitawadha miguu mimi?" nilimwona anainuka. Alikaa kiti cha mwisho. Padri alitumia muda kwake kuliko kwa wengine, maji kwenye beseni yakabadilika rangi, akapangusa kila kidole. Mama alikuwa anatazama dari.

Kengele zililia wakati wa wimbo wa Utukufu, kisha kimya. Kijana wa bodaboda aliingia wakati huo huo, kofia ya pikipiki kwapani, jasho linamtoka. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nilitazama nikahakikisha.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Njia ya Msalaba mitaani asubuhi, vituo kumi na vinne, kutoka kanisani hadi karibu na soko na kurudi. Mahubiri ya spika za jirani yalitushinda kwenye kituo cha saba.

Saa tisa, ibada. Niliwaambia wahesabu zile sala kuu kumi na wasinzie popote wapendapo isipokuwa ya nne. Ya kwanza ni ya Kanisa, ya pili Papa, ya tatu maaskofu na waamini wote. Ya nne ni yao, wakatekumeni. Ijumaa Kuu, kabla ya kuwaombea watawala na wanaoteseka, Kanisa lote duniani linawaombea watu ambao bado hawajaingia. Shemasi aliposema "Tupige magoti", niligeuka. Walipiga magoti wote kwa mkupuo, haraka kuliko sisi wenyeji.

Baadaye wakabusu msalaba. Komunyo ilipotolewa walibaki kwenye viti. Mmoja aliniuliza kama ile njaa ya kufunga na hii ya kuangalia wengine wakipokea ni kitu kimoja. Nikamwambia angoje saa ishirini na tisa hivi.

Jumamosi Kuu, 19 Aprili

Asubuhi: Nasadiki kwa moyo, na ile ibada ya Efeta, yaani "funguka", Padri akigusa masikio na midomo. Wamefunga. Fundi cherehani amerudi kutoka kwao na basi la usiku.

Saa kumi na moja jioni tulitundika mablanketi kumi na tisa. Mengine yana maua, mengine chui, moja la mtoto lina magari ya polisi. Kanisa likawa kama bweni.

Saa mbili usiku. Moto wa karai nje, chini ya mwavuli mkubwa kwa sababu ya manyunyu. Kuni zilikuwa mbichi, Padri akasubiri. Hatimaye ukashika. Kisu, Alfa, Omega, punje tano. Tukaingia.

Giza lilikuwa giza. Nilisikia watu wakipumua. "Mwanga wa Kristo," mara ya kwanza, na nukta moja tu ya moto ikiyumba mlangoni. Mara ya tatu ilipofika altareni, nyuso zilikuwa zimeanza kuonekana kutoka chini kwenda juu, kidevu, pua, macho. Yale magari ya polisi nayo.

Mbiu ya Pasaka. Masomo: kitabu kina tisa, saba ya Agano la Kale na mawili ya Jipya. Yanaweza kupunguzwa kwa sababu za kichungaji, ila Kutoka 14, Israeli kupita baharini, haliachwi kamwe. Tulisoma matano ya Kale. Nilikuwa nimewaandikia kwenye karatasi waisikilize bahari ile kama watu watakaoingia majini baada ya saa moja.

Utukufu, kengele zikarudi, taa zikawashwa, mtoto akalia.

Kisha maji. Mama wa mahindi aliinamisha kichwa kwenye beseni la ubatizo akabaki ameinama hata baada ya maji ya tatu, Padri akamwinua kwa bega. Mvulana wa bodaboda alikuja na taulo lake kutoka nyumbani. Kanzu nyeupe za fundi cherehani zilikuwa fupi kidogo kwa wanaume.

Baada ya hapo waamini wote wakarudia ahadi za ubatizo, na Padri akapita akitunyunyizia. Ndipo nikamwona mzee mlinzi. Alikuwa ametoka mwisho wa benchi akasimama katikati ya njia, uso juu, macho yamefumba, mikono imefunguka. Padri alimwagia ya kutosha. Koti lake lote likaloa. Alipokelewa, akapakwa krisma ya kipaimara pamoja na wale tisa, maana padri anayebatiza mtu mzima usiku huo ana ruhusa ya kumpa kipaimara papo hapo, hawangoji Askofu.

"Nendeni na amani, aleluya, aleluya." Ilikuwa saa tano na dakika ishirini.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Nilikuwa nakunja mablanketi. Muuguzi alipiga simu karibu saa tano asubuhi, hakusalimu. Papa Fransisko amefariki. Jana tu tulimwona akitoa baraka ya Pasaka kutoka kwenye roshani.

Aliuliza kama ni sawa kulia kwa ajili ya Papa aliyekuwa naye kwa siku moja na nusu. Nilimwambia ahesabu kwa hesabu ya nyanya yake.

Dominika, 11 Mei

Tunaendelea kukutana hadi Pentekoste. Karatasi 14 zimebaki, na nimeandika marekebisho pembeni: sala ya nne iwe kwa herufi nene, kuni zikaushwe tangu Machi, kanzu za wanaume ziongezwe inchi nne.

Kwa Misa za majuma mawili na ushee nafasi ya jina la Papa katika Sala ya Ekaristi ilikuwa wazi, na wapya wangu walikuwa wanaisikiliza kwa makini, kwa sababu kila kitu bado kwao ni kipya. Tangu Alhamisi tunaye Leo wa Kumi na Nne. Leo Padri, akisoma polepole, alisema kwa mara ya kwanza: "pamoja na Papa wetu Leo".

Kijana wa bodaboda, aliyekuwa benchi la mbele yangu, aligeuka nusu.

"Na kesho?"